Kijani Kilichozimika Majini

Jumatatu, 15 Septemba
Mvua imeanza leo adhuhuri, kubwa, yenye kelele, na mimi nimeanza nayo kazi yangu ya mwisho chuoni. Nitaandika hapa mpaka siku nitakapotetea mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, mwezi wa Desemba, ili watu wakiniuliza, "Igihozo, ulifanyaje?" nisianze kukuna kichwa. Na wataniuliza. Sina wasiwasi na hilo.

Kazi yenyewe ni ya rangi. Nina kichupa cha unga wenye rangi ya tofali. Ukitia punje yake ndani ya alkoli na kuimulika kwa taa ya zambarau, aina ile wanayokagulia noti wabadilishaji wa dola, inawaka kijani kikali hadi unatamani kuionja. Ukiitia majini, inafifia kama aibu imeishika. Kwa nini? Profesa Léopold Mulumeoderhwa, anayesimamia kazi yangu na ambaye sote tunamwita Papa Prof, alilijibu swali hilo katika mémoire yake mwenyewe, hapa hapa Goma, mwaka 2005. Alisema kwamba katika alkoli kila molekuli inatembea peke yake, lakini majini zinashikana mbili mbili, na zikishikana zinaumeza mwanga na kuukalia. Kazi yangu ni kulithibitisha jambo hilo kwa mashine ambayo yeye hakuwa nayo. Tunaiita spektro. Unaipa rangi yako, inakuchorea kilima kinachoonyesha ni mwanga gani uliomezwa.

Idara inatafuta msaidizi mmoja kuanzia Januari. Atakayetetea Desemba atafikiriwa, na atakayechelewa asahau. Mimi nimeshajiona ndani ya koti jeupe, na linanikaa.

Ijumaa, 19 Septemba
Ile mashine ya maabara inayogeuza maji kuwa mvuke na kuyarudisha yakiwa safi imeungua. Fundi amesema kipande chake kitatoka Kampala, kitapita mpaka wa Bunagana, na kitafika siku kitakayofika. Jephté, mwenzangu wa maabara anayefanya rangi ya waridi, alikaa juu ya stuli akishika tama.

"Tumekwisha," akasema. "Bila maji ya safi tutafanya nini?"

"Juu ya nini unalia? Mvua ni nini kama haiko maji Mungu mwenyewe alipandisha na akarudisha? Kesho naleta bidon mbili ya mvua."

"Ya wapi?"

"Ya Ndosho, ya kwa Masenge."

Masenge ni Mukabalisa, dada wa baba yangu, ninayeishi kwake. Mtaa wetu wote wa Ndosho hakuna anayeteka mvua kwa adabu kama yeye. Mvua ya kwanza haigusi mtu: hiyo ni ya kuosha bati. Unasubiri mpaka maji yanayotoka kwenye mfereji yawe meupe, ndipo unaweka pipa, na juu ya pipa unafunga kitambaa. Watu wa mtaa wanakuja kuomba maji yake ya kumpikia mgonjwa, kwa sababu yale ya ziwa, yanayotufikia kwa bomba, yana dawa na mengine mengi tusiyotaka kuyajua. Nani angeleta maji bora zaidi ya hayo?

Jumapili, 21 Septemba
Misa, sombe mezani, usingizi. Mvua.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimepata! Katika alkoli kilima changu kiko pale pale vitabu vinapokiweka, kirefu, chembamba, na kichupa kinawaka hadi Jephté akafumba macho. Katika maji kilima kimehamia upande wa zambarau, kimekuwa kifupi, na mwanga umekufa. Ndivyo hasa kilima kinavyofanya molekuli zinaposhikana. Asetoni, kimiminika changu cha tatu, niliinunua kwa mama mmoja anayepaka kucha karibu na soko, lakini ndani yake unga haukutaka hata kuyeyuka, ukakaa chini kimya. Nimeiandika hivyo hivyo.

Nilimpelekea Papa Prof michoro. Aliitandaza mezani na kulaza viganja juu yake.

"Mutoto wangu, unajua banasema nini huko Bukavu? Banasema Léopold alikisia. Miaka yote hii. Sasa angalia!"

Nilitoka ofisini nikiwa mrefu zaidi kuliko nilivyoingia. Tangu mwaka wa kwanza nilimwona mzee mkavu, mtu wa tai na chaki. Kumbe ana furaha, alikuwa ameiweka tu akiba.

Jumanne, 7 Oktoba
Moshi wa mlima wetu wa volkano umelala juu ya Ndosho tangu asubuhi. Masenge ameanua nguo mbichi kwa sababu zinanuka kiberiti. Jioni mvua, na pipa limejaa.

Jumatano, 15 Oktoba
Sura ya tatu imeisha, na ni nzuri, nasema mwenyewe. Papa Prof ameisoma na kuandika pembeni "très bien" mara tatu. Ameshapeleka jina langu kwenye orodha ya Desemba. Amewaambia pia wenzake wa Bukavu kwamba mwanafunzi wake amethibitisha.

Jumatatu, 20 Oktoba
Jephté ni mtu wa kurudiarudia mambo kama bibi anayesali rozari. Rangi yake ya waridi inashikana kweli kweli ikiwa nzito majini. Leo alikuwa akiiongezea maji kidogo kidogo, na kila alipoongeza, molekuli zikaachana, kilima kikarudi mahali pake, na waridi likawaka tena. Ni kama watu waliobanana chini ya baraza moja mvua ikinyesha: ikikatika na nafasi ikapatikana, kila mtu anashika njia yake.

"Na wewe fanya vile," akaniambia. "Hata mara moja tu."

"Ya nini? Najua itajibu nini."

"Kama unajua, itakuomba saa moja tu."

Nitafanya kesho, ili anyamaze.

Jumanne, 21 Oktoba
Imejibu kinyume.

Niliongeza maji, kijani kikafifia zaidi. Nikaongeza tena, kikazidi kufifia. Molekuli zilizoshikana, ukizipa nafasi, lazima ziachane. Zangu nimezipa nafasi ya kucheza mpira, na zinaendelea kuzimika.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimeosha vyombo vyote mara mbili na kurudia. Vile vile. Nikamuuliza Jephté kama amegusa chupa zangu. Akaendelea kuosha zake, nami nikaona haya.

Ijumaa, 24 Oktoba
Vile vile.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimemwambia Papa Prof, kwa maneno machache na kwa sauti ya kuchangamka, kwamba kipimo cha kuongeza maji "hakijatulia". Akasema nirudie. Nimerudia. Mvua haikatiki, maji nimejaliwa.

Jumamosi, 1 Novemba
Watakatifu Wote. Tumekwenda makaburini na matope hadi magotini. Hata pale nilikuwa nawaza vichupa. Masenge akanifinya mkono: "Ombea wafu wetu, usiombee kijani yako."

Jumatano, 5 Novemba
Siku kumi sasa sura ya tatu iko juu ya meza yangu na siwezi kuifungua. Hadi mwezi uliopita nilikuwa najisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimelitia hadi pomoni.

Jumanne, 11 Novemba
Leo ni lazima niandike yote, hata taa ikizimika.

Asubuhi nilibeba bidon kama kawaida, nikatengeneza kichupa cha majini, nikawasha taa ya zambarau bila hata kutazama vizuri. Jephté ndiye aliyepiga kelele. Kichupa kilikuwa kinawaka! Kijani kile kile cha alkoli, tena majini. Nikafikiri nimekosea chupa. Nikatengeneza kingine. Kikawaka. Nikaweka kwenye spektro: kilima kirefu, chembamba, hakijahama.

Nikampigia Masenge simu.

"Masenge, ile bidon ya bleu, ulitia maji gani?"

"Ya robinet. Pipa iliisha jana, nilifulia mashuka."

"Maji ya ziwa? Bila kuniambia?"

"We binti, maji ni maji! Nikuombe ruhusa mu nyumba yangu?"

Nilikata simu nikiwa nimekasirika, nikijiambia kwamba ameniharibia kazi. Ilinichukua muda, nimesimama na kichupa mkononi, kuona kwamba haijaharibika. Ilikuwa inasema. Maji ya ziwa letu yana magadi, kila anayefua anajua jinsi sabuni inavyoteleza ndani yake. Nikafungua droo nikatoa karatasi za kupima uchachu: saba ni maji ya kawaida, na namba ikishuka uchachu unapanda. Nikachovya moja katika maji ya bomba: tisa kasoro. Kisha nikatafuta chupa ya mvua iliyobaki tangu wiki iliyopita, nikachovya nyingine.

Nne.

Jephté akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisogeza dirishani. "Hii si maji," akasema. "Hii ni ndimu."

Mvua yetu inashuka ikipita katikati ya moshi wa mlima. Tunajua sote, mabati yetu yanatoboka kabla ya wakati na majani ya maharage yanaungua madoa. Lakini nilipoambiwa "maji safi" niliwaza takataka, sikuwaza moshi. Masenge anaosha bati, lakini nani atauosha moshi? Karatasi hizi zilikuwa kwenye droo tangu Septemba. Sikuzigusa, kwa sababu mvua ni mvua.

Na hapa ndipo mtego ulipokuwa. Rangi hii ikikutana na uchachu inashika hidrojeni, na ikishaishika kilima chake kinahamia upande wa zambarau na mwanga unafifia. Molekuli zikishikana, kilima kinahamia upande ule ule na mwanga unafifia vile vile. Magonjwa mawili, homa moja. Kipimo cha kuongeza maji ndicho kinachoyatenganisha: zilizoshikana zingeachana na kuwaka, lakini mimi kila nilipoongeza maji nilikuwa naongeza ndimu. Waridi la Jephté halijali uchachu, ndiyo maana yeye alilala usingizi mwema kwa maji yale yale.

Alasiri nilichukua kichupa cha rangi yenye mvua, nikakidondoshea soda ya maabara, ile inayoua uchachu, mpaka karatasi ikasoma sawa na bomba. Kijani kikawaka mbele ya macho yetu, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Jephté akapiga makofi. Mimi nililia, na si kwa furaha tu. Molekuli zangu hazijashikana hata siku moja. Kila moja ilikuwa peke yake muda wote, inazimika peke yake. Sura ya tatu imekufa.

Jumatano, 12 Novemba
Sikulala. Si sura yangu tu iliyokufa. Nimechukua mémoire ya Papa Prof maktabani na kuisoma upya. Ukurasa wa sehemu ya vifaa: "maji ya mvua, yaliyotekwa kwenye paa la kitivo". Yeye pia alianza kwa mvua.

Alhamisi, 13 Novemba
Jephté ananishauri, na ananishauri kwa wema.

"Ondoa ile kipimo ya kuongeza maji. Nani atauliza? Utetee, upate poste, kiisha utakosoa polepole."

"Na Papa Prof?"

"Papa Prof anabakia na furaha yake. Igihozo, bila signature yake hautetei. Utamuendea na kumuambia eti mémoire yake ni maji ya ndimu?"

Anasema kweli. Bila sahihi hakuna Desemba, bila Desemba hakuna nafasi. Ninaogopa. Naandika hivyo wazi kwa sababu silizoei neno hilo. Lakini usiku nimejiuliza: nitakapokuwa msaidizi na mwanafunzi wangu akaniletea kilima kilichohama, nitamfundisha nini? Mficha uchi hazai.

Ijumaa, 14 Novemba
Masenge ameuliza kwa nini sichukui maji yake tena.

"Kwa hiyo maji yangu iko muchafu?"

"Hapana, Masenge. Iko muchachu."

"Tangu utoto unaikunywa, na angalia, umefika université."

Nimemwomba tu ya kunywa tuanze kuchota bombani na kuchemsha. Amenuna, kisha ameweka sufuria.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemwambia.

Alikuwa anasahihisha karatasi za mwaka wa kwanza. Nilianza kwa "Papa Prof, niko na shida na chapitre ya tatu," naye akacheka, akasema chapitre ya tatu ndiyo isiyo na shida. Nikaweka mezani karatasi mbili za uchachu, ya mvua na ya bomba, na michoro mipya. Nikaeleza. Nilizungumza vizuri, bila kujikwaa, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima nikiwa juu ya pikipiki, hadi dereva akadhani namsemesha yeye.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza hata swali moja, na huyu ni mtu anayeuliza maswali hata padri. Akavua miwani.

"Acha ile makaratasi apa. Nitaangalia."

Ndiyo hayo tu.

Alhamisi, 20 Novemba
Kimya. Mvua.

Jumatatu, 24 Novemba
Amempa Jephté sahihi leo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Akanisalimia kwa heshima yote, akaomba radhi kwamba ana kikao.

Ijumaa, 28 Novemba
Kimya bado. Nilidhani ni mtu mkubwa aliyekauka, kisha nikadhani ni mtu mwenye furaha ya akiba, sasa namwona ni mtu anayejificha nyuma ya vikao. Nimemkasirikia. Lakini sura ya tatu nimeiandika upya yote. Nimepima tena katika maji ya aina tano, kwa rangi nyepesi na nzito, na sasa kila kitu kinaitikia: rangi yangu haishikani majini katika kipimo tunachotumia, ni hadi uifanye nzito kama mchuzi. Nikafika mahali pa kueleza kosa la zamani. Huyu ni baba, ndiye aliyenipokea. Nikaandika: "mtafiti mmoja wa awali". Ni heshima, nikajiambia.

Jumatano, 3 Desemba
Kesho kutwa ni siku ya mwisho ya kuweka mémoire. Mvua imenyesha tangu jana bila kupumzika. Nimemwachia sura mpya chini ya mlango.

Alhamisi, 4 Desemba
Simu yake imelia saa moja asubuhi. "Njoo na bic."

Nilichukua kalamu, nikamkuta ofisini, bila tai. Sura yangu ilikuwa mbele yake, na kando yake vichupa viwili vilivyotoka maabara, kimoja kimefifia, kimoja kinawaka. Alikuwa amerudia mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa na madoa ya kijani hadi kwenye kucha.

"Kaa. Mwaka ile," akasema, "hatukukuwa na kitu. Lava ilikuwa imekula nusu ya muji, laboratoire ilikuwa chumba na meza. Nilifurahia mvua sana. Nilisema Mungu ametutumia maji ya kazi." Akageuza kichupa kilichofifia. "Nilifanya ile kipimo ya kuongeza maji, mimi pia. Ilinijibu sawa vile ilikujibu wewe. Nikasema vyombo vyangu viko bichafu. Sikuandika."

Nje maji yalikuwa yanateremka kwenye mfereji.

"Na ile kimya ya majuma mbili, haikukuwa juu yako. Nilikuwa na haya, nikakuachilia ungoje. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kupita maji. Unisamehe."

Sikuwahi kusikia profesa akiniomba msamaha. Nilisema, "Hakuna kitu, Papa."

Akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akaweka kidole.

"Apa umeandika 'mtafiti mmoja wa awali'. Ni nani huyo?"

Nikayasoma maneno yale kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Hana jina?"

"Ana jina, Papa Prof."

"Kama angepata sawa, ungeandika jina yake?"

"Ndiyo."

"Basi toa bic."

Nilikata maneno yale manne kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika: Mulumeoderhwa, 2005. Akaniambia nisome sentensi nzima kwa sauti. Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani, akavuta karatasi ya mbele na kutia sahihi.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimeweka nakala zote. Jephté ameninunulia fanta.

Alhamisi, 11 Desemba
Nimetetea leo. Masenge alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya, akaitikia "eeh!" kila niliposema "maji", hata mahali pasipohitaji.

Nilizungumza nikiwa nimesimama wima. Michoro ilitoka vizuri, vichupa viliwaka, hakuna aliyesinzia. Kisha mzee mmoja wa jury ya watahini, mgeni kutoka Bukavu, akafungua ukurasa wa arobaini na moja na kuuinua juu ili wote wauone.

"Mademoiselle, naona apa umemukosoa promoteur, msimamizi wako, kwa jina lake. Yeye eko amekaa apa. Heshima iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Papa Prof akasimama mahali pake. "Heshima iko apo apo pa ile page," akasema. "Ni mimi nilimuomba aandike. Kosa ni langu, hesabu ni yake. Uliza ile ya chimie." Akakaa.

Mzee akamtazama, akanitazama, akafunga kitabu. "Bon. Mimi ndiye nilisema kama Léopold alikisia, kwa hiyo sina mengi. Nina swali moja tu. Wewe unakosoa wakubwa. Na hii yako, unafikiri nani atakuja kuikosoa?"

"Ule atakayeweza, Papa," nikasema. "Jina yangu iko pa page ya kwanza."

Papa Prof ndiye aliyetangulia kucheka.